Likizo ya Wakunja Mashuka

Jumatatu, 3 Juni. Miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani.

Mama watoto amepiga simu nikiwa nakula. Amenimwagia habari zote kwa pumzi moja, kama mtu anayeogopa salio kukatika. Shule zikifungwa wanakwenda ziwani, wiki mbili nzima. Wanaokwenda ni yeye, kijana wetu, binti yetu mdogo, mama mkwe, na shemeji, yaani kaka yake, kwa sababu gari ni la shemeji. Nyumba imeshapatikana, vyumba viwili, ukifungua mlango maji yako pale. Akauliza kama nitakuja, au kitanda changu apewe mama mkwe anyooshe miguu vizuri.

Nikasema nitakuja. Nikasema likizo nimeshapewa.

Sijui kwa nini nilisema nimeshapewa. Nilikusudia kusema nitaomba. Mdomo ukatangulia. Kwa nyuma nikamsikia shemeji akisema huyo msimtegemee, mwaka jana alisema hivi hivi. Ni kweli, mwaka jana nilisema hivi hivi. Lakini nani alimuuliza?

Kisha akapewa simu binti. Ana miaka mitatu na ushei. Nilipoondoka alikuwa anatembea kwa kushika viti. Akaniuliza nitakuja na gari au nitakuja kwenye simu. Nikamwambia nitakuja mwenyewe, na nitaingia naye majini.

Sasa lazima niende. Kwa mama yake ningetafuta maneno. Kwa huyu sina maneno.

Jumanne, 4 Juni.

Nimekwenda kwa msimamizi. Kazi yetu iko chini kabisa ya hoteli kubwa, chumba cha kufulia, chini ya jiko. Wageni wako juu kwenye likizo zao, mashuka yao yanashuka kwetu kwa toroli. Mimi nakunja. Tunakunja wawili wawili. Huyu anashika pembe mbili, yule mbili, mnavuta, mnatikisa, mnaendeana, unampa zako, unainama kuokota mkunjo, mnarudi nyuma, mnaendeana tena. Mwenzangu anaitwa Mlingoti. Jina linajieleza. Nikisimama karibu yake naonekana nimekaa. Wakati wa kuvuta mimi napanda juu ya kreti la sabuni, yeye anakunja magoti, la sivyo shuka linatoka limelala upande. Kwa siku tunaonana uso kwa uso mara nyingi kuliko bwana na bibi harusi. Alichokula nakijua kabla hajasema. Na chumba tunalala kimoja, mimi kitanda cha juu, yeye cha chini, miguu nje.

Msimamizi alinisikiliza huku akipanga taulo. Akasema hapa likizo hapewi mtu, inapewa jozi. Nikienda mimi, Mlingoti aende. Akibaki yeye, nibaki. Nikamwambia Mlingoti anaweza kukunja na mtu mwingine. Akasema wengine wote wana wenzao, na mkunjaji asiye na mwenzake ni mtu aliyesimama. Halafu akaniangalia.

"Shuka lina pembe nne. Wewe una mikono mingapi?"

Nikasema miwili.

"Basi nenda kaongee na mwenye mingine miwili."

Nimeongea naye. Mlingoti hataki likizo. Amesema kwao mdogo wake amehamia kwenye nyumba yake, na mke, na kuku. Akienda atakuwa mgeni juu ya kitanda chake mwenyewe. Nikamwambia si lazima aende kwao, achukue likizo abaki hapa chumbani alale. Akaniuliza ni mtu gani anaomba likizo ili ashinde akitazama viatu vyangu.

Nimechanganyikiwa. Watoto ni wangu, ziwa nimealikwa mimi, anayeamua ni mdogo wa Mlingoti na kuku wake.

Alhamisi, 6 Juni.

Mpango. Mtu akichoka sana ataomba likizo mwenyewe, hatabembelezwa. Kwa hiyo nimchoshe Mlingoti.

Tangu asubuhi nikavuta kilegevu. Nikawa naangusha pembe zangu kana kwamba zina mafuta. Kila zikianguka naangalia pembeni, yeye anainama kuziokota, safari ndefu kwa mtu wa urefu ule. Ilipofika saa ya kula akawa ameshika kiuno. Moyoni nikafurahi. Nikampa hata nyama yangu moja.

Kumbe mashuka nayo yalikuwa yanapata taabu. Msimamizi akaja, akachukua la juu kwenye rundo, akaligeuza, akaligeuza tena, akauliza hili ni shuka au ni begi. Rundo zima likarudishwa tukunje upya, wote wawili, wenzetu wakienda zao. Mlingoti hakulalamika. Alimwambia msimamizi kwamba mwenzake leo ana mawazo ya nyumbani. Sijajua kama alikuwa ananitetea au ananicheka.

Jioni aliyeumwa mgongo ni mimi. Kuinama kule kwa mara ya pili kulikuwa kwangu. Mlingoti akatoa dawa yake ya kuchua akanichua. Mgongo wake hakuutaja hata kidogo. Watu warefu wana maumbile yao.

Ijumaa, 7 Juni.

Mpango mwingine, wa utamu. Nimemsimulia ziwa. Mimi mwenyewe sijawahi kuliona lile ziwa, lakini nilisimulia vizuri, nikaweka upepo, nikaweka samaki wanaoruka, nikaweka mchanga mweupe. Wazo langu lilikuwa kwamba mtu akisikia uzuri wa mapumziko, roho itamlegea.

Ikamlegea mno. Aliniuliza kina chake ni kiasi gani na kama chini kuna matope au mawe. Nikasema vyote. Akaanza kunieleza kwamba yeye amekulia kando ya mto, na kwao mtoto hutupwa majini na kaka zake kabla hajajua kuogopa. Mlingoti huongea maneno machache kwa siku, lakini leo aliongea mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza kama najua kuogelea.

Nikasema bila shaka.

Akauliza staili gani. Nikasema ya kawaida. Akacheka mpaka kitanda kikaanza kusogea.

Alipomaliza nikamuuliza haya basi, likizo je? Akasema atafikiria. Atafikiria! Neno hilo mimi nalijua. Hulitumia mwenyewe mtu akija kuniomba nimsaidie kuhama. Maana yake hapana, ila kwa adabu. Basi. Mlingoti nimemtoa kwenye hesabu. Nitafute njia ambayo haina Mlingoti ndani yake.

Jumapili, 9 Juni.

Nimeipata! Nimeshangaa hakuna aliyeiona kabla yangu, na pale wamepita watu wenye vyeti.

Pembe mbili zikishikwa na ukuta, mtu wa pili wa nini? Leo ni siku ya mapumziko, chumba cha kufulia kiko kitupu. Nikaokota kulabu mbili kwenye lundo la mapazia mabovu, nikaenda kwa fundi wa hoteli kuazima bisibisi na misumari ya kukaza. Akauliza ya nini. Nikasema ni siri. Akasema siri haihitaji misumari mirefu hivyo. Akanipa.

Nikazifunga kwenye nguzo za rafu, kwa urefu wangu barabara. Mara ya kwanza shuka lilinifunika kichwa nikaingia nalo kwenye rafu. Mara ya pili nilikunja mkono wangu ndani. Baadaye likakubali. Unatundika pembe mbili, unarudi nyuma, unavuta, unaendea, unatundika zako, unaokota mkunjo, unavuta tena. Limetoka limenyooka kama la dukani. Na bila kreti. Kwa mara ya kwanza mahali pale kuna kitu kimewekwa kwa kimo changu.

Shemeji alipiga mchana kuuliza kama wanunue chakula cha watu watano au sita. Nikasema sita, kwa sauti. Akasema, "Haya, mkubwa," kwa ile namna yake.

Kesho namwonyesha msimamizi. Sheria ya jozi imekwisha.

Jumatatu, 10 Juni.

Nimeamka mapema kuliko wote, kumbe Mlingoti alikuwa ametangulia. Sikujali. Nilikuwa na yangu.

Msimamizi aliposhuka nikamwita mbele ya wakunjaji wote. Nikakunja la kwanza. Nikakunja la pili. La tatu nilikunja nikiwa naongea, kuonyesha urahisi. Akaja akavuta zile kulabu, akapiga nguzo kwa kiganja, akaliangalia shuka pembe kwa pembe. Akasema tangu aanze kazi hii hajaona. Akasema nina kichwa. Kifua kilinijaa mpaka vifungo vikalalamika.

Halafu akamgeukia Mlingoti akamwambia likizo yake inaanza Jumamosi.

Nikasubiri jina langu. Halikuja. Nikauliza, na mimi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana maji.

"Wewe si ndiye wa kulabu?"

Akanieleza taratibu, kwa huruma kabisa. Zamani aliyeachwa peke yake alikuwa anasimama bure, ndiyo maana jozi iliondoka pamoja. Sasa mimi nikiachwa peke yangu nakunja. Mlingoti akiachwa peke yake anasimama. Kwa hiyo Mlingoti aende na mimi nibaki, tena huu ni msimu, hoteli imejaa familia zilizokuja mapumziko. Akasema aone kwanza kwa hizo wiki mbili zinafanyaje kazi, halafu tutaangalia.

Hesabu hiyo naipiga tangu mchana. Nikiigeuza upande huu inatoka vile vile, nikiigeuza upande ule inatoka vile vile. Mimi shule niliiacha kabla hatujafika kwenye hesabu za namna hii.

Lakini hilo bado lilikuwa dogo. Tuliporudi chumbani Mlingoti alikaa kitandani, akavua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi. Akasema asubuhi alikwenda kwa msimamizi kabla yangu. Alikwenda kumwambia amekubali likizo, sisi wote wawili. Msimamizi alikuwa amesema sawa, jozi iondoke Jumamosi.

"Nilikuwa nimeshakukubalia," akasema. "Nakuja kukwambia, nakuta watu wamekuzunguka."

Nikamuuliza mbona hakupiga kelele.

Akasema nilionekana nimefurahi.

Jumatano, 12 Juni.

Jana sikuandika. Sikuwa na la kuandika ila tusi, na mtu wa kumtukana nimemkosa.

Leo asubuhi nilimwomba msimamizi azing'oe kulabu, nikasema nimezigundua zina hatari. Akauliza hatari gani. Nikafikiri. Nikasema zina ncha. Akasema nizifunge kitambaa.

Basi nikaja na wazo la mwisho, na wazo lenyewe lilikuwa zuri. Nimfundishe Mlingoti kulabu. Akizijua, abaki yeye, niende mimi. Mwenyewe aliridhia mara moja, akavua na saa. Lakini kulabu ziko kwa kimo changu. Ilibidi apige magoti kabisa, na kila akiinuka rafu ilikuwa inamsubiri kichwani. Nikazifungua nikazipandisha kwa kimo chake. Sasa yeye anafika ila hajui, mimi najua ila sifiki. Nikapanda kreti nimwonyeshe. Nikavuta. Kreti likateleza, nikamshika Mlingoti, Mlingoti akashika shuka, na shuka lilikuwa limeshikwa na kulabu upande mmoja tu.

Msimamizi alitukuta tumo ndani, miguu minne nje. Akauliza kama huu nao ni uvumbuzi wangu. Kisha akasema Mlingoti ni mkono wa jozi, asilazimishwe, na kulabu nizirudishe kwenye kimo changu.

Nikamwambia Mlingoti pole kwa kichwa. Akasema anaweza kwenda kuikataa likizo. Nikauliza itanisaidia nini. Tukafikiri pamoja. Haisaidii kitu. Akauliza sasa yeye wiki mbili atafanya nini.

Hapo ndipo wazo likaja lenyewe, bila kutafutwa. Nimenunua boya la binti la kuvaa kiunoni, na viatu vya kijana. Vitafikaje? Mlingoti ana likizo, hana pa kwenda. Apande basi apeleke mzigo ziwani. Na akishafika, aeleze yeye kwa nini mimi sikuja. Mama watoto hawezi kumfokea mgeni aliyebeba boya. Mpaka mgeni anaondoka, hasira imepoa. Mambo mawili kwa nauli moja!

Mlingoti akauliza aseme nini hasa. Nikamwambia aseme ukweli, lakini polepole.

Ijumaa, 14 Juni.

Tumefunga mzigo. Viatu vya kijana vimenitia shaka, sijui mguu wake sasa umefika wapi. Kumpigia mama yake kungenifichua, maana anayekuja mwenyewe huja akapima. Nikampigia shemeji. Akasema hajawahi kuona baba anaulizia mguu wa mwanawe kwa mjomba. Akataja namba. Niliyonunua ni ndogo. Nikarudi dukani nikabadilisha.

Mlingoti ana shuka lake moja la safari. Alilitoa begini akashika pembe mbili, mimi bila kufikiri nikashika mbili. Tukavuta, tukatikisa, tukaendeana. Akanipa pembe zake, nikampa mkunjo. Lilitoka vizuri kuliko ya kulabu, lakini hilo sitamwambia msimamizi.

Jumamosi, 15 Juni.

Basi limeondoka asubuhi. Nikamtumia mama watoto ujumbe: Mwenzangu anakuja na mzigo, mimi nafuata.

Nafuata! Nani aliandika nafuata? Nilikusudia kuandika nitaeleza. Juzi ulikuwa mdomo, leo vidole.

Hajajibu. Jana shemeji alisema wanaingia ziwani leo asubuhi, kwa hiyo mama watoto atakuwa anapanga vitu. Au simu haina chaji. Au amesoma.

Jumatatu, 17 Juni.

Amepiga. Nilipokea nikiwa katikati ya shuka, likabaki linaning'inia.

Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisimulia tu. Mlingoti alifika jana mchana, amebeba boya begani limeshajazwa upepo, kwa sababu kwenye basi kijana mmoja alilipuliza na hakuna aliyeweza kulitoa upepo. Binti alikuwa dirishani tangu walipomaliza chai. Alipoona mtu anaingia na boya akatoka mbio, miguu mitupu, anaita baba. Akamkumbatia pale alipofika, yaani magotini.

Mlingoti akatua mzigo. Akakaa chini, mavumbini, na suruali yake ya safari, wakawa sawa kwa kimo. Akamwambia, "Mimi siye, mama. Baba yako yuko kazini. Amenituma kwako."

Mama watoto akasema mtoto hakulia. Alimtazama Mlingoti usoni. Kisha akapita nyuma yake akaangalia. Kisha akafungua geti akaangalia barabarani.

"Alikaa getini mpaka tukamwita kula," akasema.

Nikaanza kumweleza habari za kulabu. Akanikatiza. Habari za kulabu ameshaelezwa na Mlingoti mara mbili, polepole kama alivyoagizwa, na hakuelewa, na Mlingoti mwenyewe anasema hajaelewa.

Mlingoti alitaka kugeuza jana ile ile. Mama mkwe akakataa katakata, akasema mtu mrefu namna ile hawezi kukunjwa ndani ya basi mara mbili bila kupumzika. Wamempa kitanda changu. Miguu nje.

Nilirudi kwenye shuka nikakuta limeanguka chini lote. Nikalifua upya.

Alhamisi, 20 Juni.

Habari zinakuja kila jioni, siziombi. Shemeji, aliyejisifu mwaka mzima kwamba ataogelea mpaka ng'ambo, kumbe husimama maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu na kutoa maagizo. Anayeingia ni Mlingoti. Kijana wetu ameshajua kuogelea, viatu vimemtosha. Mama mkwe anamwambia Mlingoti ale, ana nafasi kubwa ya kujaza. Nilipouliza kama wananikumbuka, mama watoto akasema hilo ni swali la kuulizwa na mtu aliyefika.

Leo nimeongea na binti. Alikuwa na sauti ya baridi ya mtu aliyetoka majini. Ameniambia anaelea. Ameniambia anko Mlingoti amesema mimi ndiye mkunjaji bora kuliko wote walioko kule. Akaniuliza na mimi naelea?

Nikasema naelea sana.

Mama yake akachukua simu. Alisema jambo moja.

"Ukija, njoo mwenyewe. Usimtume mtu."

Nikasema sawa. Nikasema shule zikifungwa tena nakuja, likizo imeshapangwa.

Ijumaa, 21 Juni.

Leo nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Kulabu zilikuwa mbili tu, na za mashuka tu, kwa hiyo msimamizi hakuuona uwezo wangu wote. Angeuona wote, asingeweza kuninyima kitu. Mtu anayetegemewa ndiye husikilizwa.

Kwa hiyo nimemaliza mapema, nikaenda kwa fundi, nikaazima tena bisibisi. Hakuuliza ya nini, alitikisa kichwa tu. Nimefunga kulabu nene zaidi kwenye nguzo za upande wa pili. Zinabeba mablanketi, hata yale mazito ya vyumba vya juu ambayo hukunjwa na watu wanne. Nimejaribu. Nayaweza peke yangu. Hakuna mwingine hapa anayeyaweza.

Nitarudi nyumbani mwezi wa nane, wiki ya kwanza, mimi mwenyewe. Mama watoto nimeshamwambia. Msimamizi nitamwambia kesho asubuhi, mara tu nikimaliza kumwonyesha kulabu za mablanketi.